Kaya ni ya Nani

Mama mkubwa hakuwa mtu wa kupiga simu. Ile simu ndogo aliyonunuliwa na mume wangu aliiweka juu ya kabati la vyombo, imefungwa ndani ya leso, na kwa kawaida aliifungua siku za msiba tu. Kwa hiyo jioni ile ilipoita nikiwa nyumbani kwetu Mazimbu, mjini, nasahihisha madaftari ya wanafunzi, nikaona ni yeye, nilipokea kwa kuuliza nani amefariki.

"Hajafa mtu," alisema. "Wamekuja watu wa mradi hapa, wananiambia mimi si mwenye kaya."

Nilimwomba aseme polepole. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mradi wa kupima mashamba ulikuwa umefika kijijini kwao, juu ya misheni, kule Uluguru nilikozaliwa. Vijana wawili wenye vishikwambi walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, ili kila kaya ipewe hati ya kimila ya ardhi yake. Lilikuwa jambo jema, na mama mkubwa alilipokea kama jambo jema. Aliacha mboga za liki alizokuwa anazifunga kwa ajili ya soko la mjini, akawatolea vigoda, akawapa ndizi za kuchemsha. Kisha wakamuuliza mkuu wa kaya ni nani, naye akajibu kuwa ni yeye.

Wakamuuliza kama ni mjane. Akasema hapana, mzee yupo, ameenda kukata majani ya mbuzi. Hapo yule kijana wa kiume alitabasamu, akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba basi mkuu wa kaya ni mzee, na yeye ni mke wa mkuu wa kaya. Mama mkubwa akasema nyumba hii ilikuwa ya mama yake, na kabla ya hapo ya bibi yake, na makonde yote kuanzia kwenye chemchemi hadi kule chini mtoni ni ya ukoo wao, na huyo mzee alikuja kuoa hapa kutoka ng'ambo ya bonde. Kijana akasema hiyo ni historia nzuri sana, lakini kishikwambi hakina mahali pa kuandika historia.

Mzee mwenyewe akatokea, mzigo wa majani kichwani. Wakamwamkia shikamoo, wakamwomba kitambulisho. Aliwaambia kwamba yeye hapo ameoa tu. Wakacheka, wakidhani ni utani wa wazee. Baba mkubwa ni mtu mtiifu, hajawahi kumnyima afisa kitu alichoombwa kwa adabu. Akaingia ndani, akakitoa. Walipoondoka kwenda nyumba ya pili, ardhi ya mama zangu ilikuwa imeandikwa jina la mwanamume wa ukoo mwingine, tena mwanamume ambaye hakuitaka.

"Sasa, mwanangu," mama mkubwa akaniuliza, "wewe unayefundisha Kiswahili, hebu niambie. Kaya ni nini?"

Nilimwambia nitapanda Jumamosi tuongee.

Ukweli ni kwamba majibu yalikuwa mengi mno. Bibi yangu, aliyemzaa mama mkubwa na mama yangu, alilitamka neno hilo kwa Kiluguru huku akililegeza mwishoni, likasikika karibu na "kaye". Kwake halikuwa na maana ya watu. Lilikuwa mahali. Lilikuwa jiko la mafiga, mgomba ulioota juu ya kitovu chako, makaburi ya akina mama waliokutangulia, na njia unayoirudia ndoa ikivunjika. Mama yangu mzazi alipougua akiwa mjini, alikataa kufa hospitali; alisema apelekwe kaya, na kila mtu alijua ni wapi. Hakuna aliyemuuliza anakula chungu kimoja na nani.

Kwa asiyetujua, niseme kidogo. Sisi Waluguru tunafuata mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, yaani ukoo wa upande wa kike, na ardhi hushuka kutoka kwa mama hadi kwa binti, wajomba wakisimamia. Mwanamume akioa huja kujenga kwa mkewe, hupewa konde alime maadamu ndoa ipo. Anaheshimiwa, anapikiwa, anasikilizwa. Lakini siku akifa, ndugu zake huja kumchukua wakamzike kwao. Hivyo ndivyo nilivyoona kwa wajomba zangu wote na kwa waume wa mama zangu wote. Haikuwa siri, wala haikuwa ushenzi.

Shuleni ndipo nilipokutana na kaya nyingine. Hiyo ni ya Kiswahili cha ofisi: watu wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja, wakiwa na mkuu wao. Nimeifundisha hivyo miaka mingi kwa sababu ndivyo mtihani unavyotaka. Mwaka mmoja niliandika neno hilo ubaoni, darasa zima la wavulana likaangua kicheko. Nikawauliza kinachochekesha ni nini, hakuna aliyethubutu kusema. Baadaye msichana mmoja alinifuata ofisini akaninong'oneza kwamba kwa vijana wa mjini kaya ni bangi, wamelipata kwenye nyimbo za Jamaika. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nikawafundisha pia, bila kicheko, kwamba kwa ndugu zetu wa pwani ya Kenya kaya ni msitu ambao wazee wao waliishi na kuzikana humo, na haukatwi ovyo.

Binti yangu anasoma Malaysia. Nilipomsimulia mkasa wa bibi yake mkubwa alisema huko aliko kaya ni tajiri. Mtu mwenye mali wanamwita kaya. Nikawaza habari za huku kwetu, jinsi tunavyosikia kila siku kaya maskini, kaya maskini, kwenye redio na kwenye mikutano, kana kwamba neno hilo limezaliwa na umaskini kama pacha wake. Sikuona la kucheka hapo.

Mume wangu ni Mkaguru wa Gairo. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Alisema kwao mtu akifunga mzigo wa karanga mnadani jioni na kuulizwa anaelekea wapi, anasema anarudi kaya, na maana yake ni kwa mama yake, hata kama ana nyumba ya bati na wake wawili mahali pengine. Akaniambia nisiende na hasira. Nikamwambia hasira nimeshaivaa.

Jumamosi nilipanda na pikipiki hadi misheni, kisha nikatembea. Nilimkuta mama mkubwa kondeni akipalilia kabichi, hataki kusimama kuongea, anang'oa magugu kama anayemng'oa mtu nywele. Baba mkubwa alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, pembeni kabisa, pale alipokuwa akikaa siku za kwanza za uposa wake, kama hadithi za nyumbani zinavyosema. Nilimpa shikamoo. Aliitikia bila kunitazama.

"Wamenipa kitu kisicho changu," alisema. "Na sijui nikirudishe wapi."

Alikuwa mtu mnyofu kuliko wengi niliowajua. Alimwoa mama mkubwa akiwa na mtoto mmoja wa kiume aliyemzaa na mwanamke wa bondeni kabla ya ndoa. Mtoto huyo alilelewa kwa mama yake na sasa analima mpunga Dakawa. Na mama mkubwa hakujaliwa kupata mtoto. Ndiyo maana mimi, binti wa mdogo wake, ndiye niliyehesabiwa kuwa nitashika kaya ile baada yake, na baada yangu binti yangu. Baba mkubwa alilijua hilo tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Yeye ndiye aliyenionyesha mipaka ya makonde yetu, mti kwa mti, jiwe kwa jiwe, akisema, hapa ni kwenu, usije ukadanganywa.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni nikaenda ofisi ya mradi mjini. Nilipokelewa na afisa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, msomi, mwenye sauti laini. Aliniita mwalimu, akanipa kiti. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, kisha akaniambia kwamba wao hawakuamua lolote, wameandika tu mkuu wa kaya kama utaratibu ulivyo, na pingamizi zilipaswa kuletwa siku zile tatu za wiki iliyopita ambazo ramani ilibandikwa kijijini.

Nilimuuliza ilibandikwa wapi. Akasema ofisi ya kijiji. Ofisi ile iko ng'ambo ya makorongo mawili, na mama mkubwa ana goti bovu. Nikaliacha hilo, kwa sababu nilitaka hoja yenyewe isipotee.

Nikamwambia kwamba ardhi ile itanifikia mimi, nami nipo, ninapinga sasa. Akatabasamu.

"Mwalimu, wewe kaya yako iko Mazimbu," alisema. "Mkuu wa kaya yako ni mume wako. Kule mlimani wewe ni mgeni."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, na wazazi wa wanafunzi, na makondakta, na mkuu wa shule mmoja aliyekuwa mlevi. Sikumbuki tusi lililoingia ndani kama lile, lililosemwa kwa sauti laini na mtu aliyenivutia kiti. Mimi mgeni pale kitovu changu kilipozikwa. Mimi mgeni pale mama yangu alipolala. Na huyo mgeni wa kweli, anayejijua kuwa mgeni na kusema kwa mdomo wake kwamba ni mgeni, ndiye mwenyeji.

Nilimuuliza, "Dada yangu, nikiachika kesho na chungu cha Mazimbu kikavunjika, kaya yangu itakuwa wapi?"

Alitazama mlangoni, ambako watu wengine walikuwa wanasubiri. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Lakini nimechoka kuambiwa kwamba watu hawakuwa wabaya.

Karibu na kwetu Mazimbu, upande wa chini ya chuo, anaishi mama mmoja mzee wa Afrika Kusini. Alikuja kijana, enzi ambazo majengo ya chuo hicho yalikuwa shule ya wapigania uhuru wa kwao, akaolewa na fundi wa hapa, na wenzake waliporudi makwao yeye alibaki. Kiswahili chake kina lafudhi nzito hadi leo. Nilipita kwake kutoka ofisini kwa sababu sikutaka kufika nyumbani na hasira ile. Alinipa chai, akasikiliza, akarudia lile neno mara kadhaa kana kwamba analionja. Kwao, alisema, ni ikhaya. Nyumbani. Kwenda ekhaya ni kwenda nyumbani.

Akaniambia kuwa siku za kuondoka watu waliimba neno hilo njia nzima hadi kwenye mabasi. Yeye alisimama pale getini na mtoto tumboni. Kiongozi wao mmoja alimwambia apande, wanakwenda ekhaya. Alipomjibu kwamba mumewe atamfuata huko baadaye, kiongozi akamwambia mume si ikhaya. Na ndugu wa mumewe nao, alipobaki, walimwambia hapa si kwao.

"Kila upande ulikuwa na neno lile lile," alisema. "Na kila upande ulilitumia kunifungia mlango."

Alisema hivyo bila uchungu, akanimiminia chai nyingine. Uchungu niliubeba mimi.

Niliandika pingamizi, nikaipeleka, nikaambiwa nisubiri. Wakati nasubiri ndipo habari zilipofika Dakawa. Sijui zilipitia kwa nani. Habari za ardhi zina miguu yake. Yule mwana wa baba mkubwa akasikia kwamba baba yake amepata shamba lenye hati milimani, lenye chemchemi na hewa ya baridi. Akaja. Hakuwa amefika kumwona baba yake tangu mvua zilipochukua daraja la bondeni, na hilo lilikuwa jambo la zamani. Alikuja na mtu mwingine kutoka mjini, mwenye miwani ya jua na viatu vyeupe, aliyekuwa anatafuta mahali pa kujenga nyumba za watalii wanaopanda mlima.

Walifikia konde la chini, kando ya mto. Pale ndipo palipo makaburi ya bibi yangu na mama yangu, chini ya miti miwili mikubwa ambayo haikuguswa na shoka tangu kabla misheni haijajengwa. Mgeni wa viatu vyeupe alisema miti inaziba mandhari. Baba mkubwa hakuwepo, na mama mkubwa alikuwa ameshuka sokoni mjini na liki zake. Aliporudi alasiri, miti ilikuwa chini. Msumeno wa mashine hauhitaji siku nzima.

Simu aliyonipigia mara hiyo haikuwa na maneno. Nilisikia pumzi yake tu, na kwa mbali sauti ya baba mkubwa akimwita kwa jina lake la utotoni.

Nilipanda na mume wangu. Sitaki kueleza nilivyoliona konde lile. Matawi yalikuwa yamelala juu ya makaburi, na utomvu ulikuwa bado mbichi kwenye visiki. Yule kijana wa Dakawa, ambaye si kijana tena, ana mvi, alikuwa amekaa kwenye gogo anakula mhindi. Alisimama akatuamkia vizuri. Akasema hana ugomvi na mtu, anafuata haki ya baba yake, na mtoto wa kiume kurithi ni jambo la dunia nzima. Mume wangu alinishika mkono. Angechelewa kidogo, ningeliokota lile jiwe lililokuwa karibu na mguu wangu.

Mtendaji wa kijiji aliitisha baraza la ardhi. Watu walikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi, maana ndani hapatoshi. Afisa wa mradi alikuja, yule yule mwenye sauti laini, pamoja na mwana wa Dakawa na yule mgeni wa mjini. Mwana akaeleza kwamba baba yake ndiye mkuu wa kaya, mradi umeandika hivyo, na ana haki ya kumgawia mwanawe sehemu. Afisa alithibitisha kwamba imeandikwa hivyo. Mgeni wa mjini aliongeza kwamba ametoa malipo ya awali kwa nia njema. Wazee wa ukoo wetu walisema yao, kwa kirefu, kwa Kiluguru, na mtendaji alikuwa anafupisha mno anapotafsiri, hadi mama mkubwa akamkatiza, akamwambia aseme yote au anyamaze.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hoja zangu za lugha na za mila, nimezipanga tangu mjini. Sikupata nafasi ya kuzisema, kwa sababu baba mkubwa alisimama.

Alisimama kwa shida, akiegemea fimbo yake ya kuchungia mbuzi. Hakumtazama mwanawe. Alimgeukia afisa.

"Mwanangu, siku ile niliwaambia vijana wako kwamba mimi hapa nimeoa," alisema. "Walicheka. Leo nasema tena, na asicheke mtu. Nimekula hapa tangu nikiwa na meno yote. Sijawahi kuwa na konde hapa hata la kuzika kuku. Kaya yangu iko kule." Akanyoosha fimbo ng'ambo ya bonde, kwenye mgongo wa mlima uliokuwa na ukungu. "Kule aliko dada yangu. Huyu mwanangu akitaka ardhi ya baba yake, aende akamwombe shangazi yake. Atampa. Hapa mimi sina cha kumpa mtu, na aliyeandika kwamba ninacho ameandika uongo."

Mwana aliinuka. Alimwambia baba yake, mbele ya watu, kwamba maisha yake yote amekuwa mtumwa wa wanawake. Hilo ndilo neno alilolitumia. Mzee alibaki amesimama. Mama mkubwa alikwenda kumshika kiwiko, akamketisha taratibu, kisha naye akakaa kando yake kwenye nyasi, bega kwa bega, jambo ambalo wanawake wa rika lake hawalifanyi barazani.

Basi afisa akafungua faili lake, akapekua, na kwa sauti ile ile akasema kwamba, kwa kweli, sheria inaruhusu hati kuandikwa majina ya watu kadhaa, au ya ukoo, na hakuna ulazima wa mkuu wa kaya mmoja. Ikiwa mzee mwenyewe anakana, wanaweza kurekebisha.

Ilikuwa inaruhusiwa. Tangu mwanzo ilikuwa inaruhusiwa. Siku niliyokwenda ofisini kwake ilikuwa inaruhusiwa, siku vijana walipokula ndizi za mama mkubwa ilikuwa inaruhusiwa, na miti ile miwili ingekuwa bado imesimama kama mtu mmoja tu angejisumbua kuuliza swali la pili. Nilisema hayo kwa sauti. Nilisema mengi zaidi, mengine sitayaandika. Afisa aliinamisha kichwa. Mtendaji aliniambia, mwalimu, yameisha sasa. Nikamwambia hayajaisha, aende akaisimamishe miti.

Hati ilirekebishwa. Ina jina la mama mkubwa, na langu, na la binti yangu, na la ndugu yangu mmoja wa lukolo letu aliyebaki kijijini kuangalia chemchemi. Mgeni wa mjini alimdai mwana wa Dakawa fedha zake, na ugomvi wao waliushusha bondeni, sikuufuatilia. Magogo tuliyapasua mbao. Mama mkubwa hakutaka yauzwe. Baadhi ya mbao alizitengeneza benchi za kanisa la kigango, na zilizobaki zikajenga uzio wa makaburi.

Baba mkubwa hakudumu. Lile neno la mwanawe lilimkaa kifuani. Aliacha kwenda kwa mbuzi, akaacha kula ugali, akawa anakunywa uji tu. Mama mkubwa alimwambia kila siku kwamba lile neno ni la mjinga, naye alikubali kila siku, na hakupona. Siku moja aliomba apelekwe ng'ambo kwa dada yake. Vijana walimbeba kwenye machela ya miti, wakishuka korongo na kupanda. Mama mkubwa alifuata nyuma na goti lake bovu, amebeba chungu cha uji, akakaa naye huko mpaka alipofariki.

Nilifika kwenye mazishi. Mwana wa Dakawa alikuja pia, akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi, na shangazi yake akamwita mbele atie udongo. Alilia. Sikumwonea huruma siku ile, na sitasema nilimwonea. Baada ya kuzika, mtu mmoja wa pale, kwa nia njema, alimwambia mama mkubwa kwamba sasa amekuwa mjane, basi hata mradi ukija tena yeye ndiye mkuu wa kaya bila ubishi. Watu wachache walicheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kupunguza uzito.

Mama mkubwa hakucheka. "Kwa hiyo ilibidi afe," alisema.

Tulirudi naye kwa kupumzika njiani mara kwa mara. Jua lilikuwa kali na ukungu umekwisha kuondoka. Mume wangu alimbebea chungu. Tulipokaa kwenye jiwe moja karibu na maji, nilimwambia mume wangu pale pale, mbele ya mama mkubwa awe shahidi, kwamba siku yangu ikifika asinizike makaburi ya Mazimbu, hata kama nyumba yetu iko huko na watoto wamezaliwa huko. Anilete huku, ndani ya ule uzio. Akasema sawa, naye atataka Gairo kwa mama yake, na watoto watajua wenyewe namna ya kugawana nauli.

Mama mkubwa alinawa uso, akainuka. Alisema kabichi zitakuwa zimeliwa na konokono kwa siku zote hizo alizokuwa ng'ambo, tusichelewe.